Buibui mkubwa aliyechimbuliwa Newala: nimtengenezee makazi ya namna gani?

Mwalimu wa Uwandani (Newala)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Newala, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kufuga buibui wakubwa wa jamii ya tarantula. Wiki iliyopita vijana waliokuwa wakichimba shimo la choo kwa jirani yangu walivunja tundu lililoingia ardhini kwa kina cha karibu mkono mzima, na chini yake wakamkuta buibui mwenye manyoya, wa rangi ya kahawia inayoelekea kutu, ambaye akinyoosha miguu anaenea kisahani cha chai. Walikwisha kuinua koleo ili wampige. Niliwaomba wanipe, nikamfunika kwa beseni, na tangu siku hiyo yumo ndani ya ndoo ya lita 20 yenye mchanga wa vidole viwili, kitambaa kilicholoweshwa maji, na mfuniko nilioutoboa matundu.

Nia yangu ni kumfuga ili wanafunzi wamwone na kujifunza. Nimekwisha kuzungumza na fundi wa vioo anitengenezee terariamu, yaani sanduku la kioo la kufugia, yenye kimo cha sentimita 60, na nimekusudia kuijaza mchanga mweupe wa pwani ambao shemeji yangu atauleta kutoka Mtwara mjini, mawe mazuri mawili matatu, na balbu ya wati 60 ya kumpa joto, kwa maana usiku wa Julai hapa juu ni wa baridi. Tatizo ni kwamba hali chakula. Nimemtilia panzi watatu niliowakamata katika shamba langu la mikorosho, na wote amewaacha. Usiku kucha husikika akipanda ukuta wa ndoo na kuanguka, akipanda tena na kuanguka tena.

Nyumbani maoni yamegawanyika. Mke wangu anahofia watoto, ilhali bibi yake, ambaye ni mtu wa Mikindani, amekataza katakata buibui yeyote asiuawe, kwa ajili ya yule aliyetanda utando mlangoni mwa pango Mtume alipojificha. Kwa hiyo kumuua haiwezekani, na kumweka kwenye ndoo naona ni kumtesa. Nifanye nini?

Mfuga Wadudu (Lindi)

Mwalimu, salamu, na pole kwa kupata mgeni kabla ya kumtayarishia chumba. Nimefuga buibui wa jamii hii hapa Lindi mjini kwa miaka tisa, na kwa sasa ninao wawili. Nikisoma maelezo yako naona karibu kila kitu unachotaka kumnunulia kitampendeza anayetazama kioo kwa nje, lakini buibui mwenyewe hana haja nacho, na baadhi yake kitamdhuru.

Nianze na linaloweza kumuua wiki hii hii, nalo ni kuanguka. Ngozi ya tumbo la buibui wa namna hii ni nyembamba na ndani yake mna majimaji mengi. Akianguka kutoka juu na tumbo likapasuka, damu haizuiliki. Yeye ni mnyama wa kuishi ndani ya ardhi, mzito, asiye mpandaji hodari, na hizo safari zake za usiku ukutani si mchezo: anatafuta mahali pa kuingia na hapaoni. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nafasi kati ya uso wa udongo na mfuniko isizidi urefu wa miguu yake mara moja na nusu. Ikiwa anaenea sentimita 12, basi mwachie sentimita 15 hadi 18 za hewa, basi. Terariamu ya sentimita 60 uliyoagiza ama uijaze udongo hadi sentimita 42, ama umwambie fundi aipunguze. Sanduku langu ni la sentimita 30 kwa 30 chini, na kimo cha 40, ambacho 25 zake ni udongo. Fundi akishaunganisha vioo kwa silikoni, liache sanduku wazi kwa wiki nzima hadi ile harufu kama ya siki iishe kabisa, ndipo umtie mnyama.

Mchanga wa pwani mwambie shemeji auache hukohuko. Una chumvi, tena haushikani; buibui akichimba, tundu linamwangukia. Udongo bora kuliko wote unao tayari, nao ni ule mwekundu uliotoka katika shimo lilelile alimochimbuliwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuchagua kabla yetu. Uchekeche, uondoe mizizi, kisha uukaange ndani ya debe hadi mkono usiweze kuugusa, ili utitiri na mayai ya sisimizi vife. Ukipoa unyunyizie maji na kuushindilia tabaka kwa tabaka, kama mtu anayekandika ukuta wa nyumba. Kipimo cha maji ni kiganja: ukifumbata udongo ukashikana bila kuchuruza, unatosha. Ninachanganya na unga wa makumbi ya nazi kwa theluthi moja, ingawa kwa udongo wa Newala huenda usihitaji hata hilo.

Ukishashindilia, chukua mpini wa jembe, uuzamishe kwa mshazari kwenye kona moja, ukikwaruza kioo, hadi nusu ya kina cha udongo, kisha uuchomoe taratibu. Hapo umemwanzishia tundu, na kwa kuwa linapita kando ya kioo, huenda wanafunzi wako wakamwona akiwa ndani. Nasema huenda, kwa sababu wangu mmoja alikiziba kioo chote kwa utando na udongo mwezi wa kwanza, na nikabaki ninafuga sanduku la udongo. Zoea hilo mapema. Funika mdomo wa tundu kwa kipande cha gome la mkorosho kilichopinda, na mawe yako mazuri uyaache nje, kwa kuwa akichimba chini yake yatamwangukia.

Maji ni jambo ambalo wengi wetu tulikosea mwanzoni, mimi nikiwamo. Kitambaa kibichi kitoe leo, kitaota ukungu. Ndani ya shimo lake la asili uso wa ardhi ulikuwa mkavu kama unga, na unyevu ulikuwa chini kabisa, hivyo alikuwa na uwezo wa kupanda akitaka ukavu na kushuka akitaka unyevu. Mwige Mungu hapo. Weka kisahani kidogo cha maji safi juu, na kwa kutumia mrija uliouzamisha kwenye kona moja mimina maji kidogo kila baada ya wiki moja au mbili ili tabaka la chini lisikauke. Usinyunyizie sanduku zima. Hewa ipite kwa matundu ya milimita tatu hivi, yaliyotobolewa pande mbili zinazoelekeana. Usifunike kwa wavu wa dirishani, kwa sababu kucha za miguu yake hunasa humo, na wavu wa plastiki anaweza kuutafuna akatoka.

Balbu iondoe katika hesabu. Buibui huyu hukimbia joto kwa kuteremka chini ya ardhi, na balbu hukausha udongo wote ukiwamo ule anaoukimbilia. Chumba chenye nyuzi 22 hadi 30 kinamtosha, na usiku wa baridi wa Newala mwenzako ameuishi miaka yote bila umeme. Liweke sanduku kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua.

Sasa chakula. Panzi wa shamba la mikorosho wakati huu wa mwaka usimpe hata mmoja. Unajua mwenyewe kwamba kuanzia mikorosho inapoanza kuchipua na kutoa maua watu wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na baadhi wanapiga dawa za maji kwa ajili ya mbu wa mikorosho. Dawa inayomuua mdudu wa shambani inaweza kumuua na buibui, hata kwa kiasi alichobeba panzi mmoja. Ni afadhali aliwaacha. Fuga nyenje au mende wako mwenyewe ndani ya ndoo yenye trei za mayai, uwalishe pumba na vipande vya karoti, na umpe mmoja asiyezidi ukubwa wa tumbo lake kila baada ya siku saba hadi kumi. Asipokula usiku huo, mtoe nyenje asubuhi. Kukataa chakula kwa wiki kadhaa si ugonjwa. Buibui mzima aliyeshiba hukaa hata miezi.

Kuhusu aina yake, mwangalie miguu ya nyuma. Ikiwa ni minene na imepinda, minene kuliko ya mbele, huenda ni Pelinobius muticus, ambaye mwanasayansi Karsch alimpa jina mwaka 1885 na ambaye anajulikana kutoka Kenya na Tanzania. Lakini yupo pia Eucratoscelus pachypus wa hapahapa Tanzania, ambaye miguu yake ya nyuma imejaa manyoya kama soksi. Ikiwa miguu ya nyuma ni ya kawaida, na mgongoni mna michirizi iliyotawanyika kama miali ya nyota, mfikirie Pterinochilus murinus, aliyepewa jina na Pocock mwaka 1897. Huyo wa mwisho ana kasi ambayo macho hayaifuati. Wote hao Wazungu huwaita kwa pamoja buibui wa nyani, kwa kuwa nyayo zao zinafanana na vidole vya nyani.

Nesi wa Zamu (Masasi)

Ninaunga mkono yaliyosemwa, na ninaongeza upande wa afya kwa sababu umetaja watoto.

Buibui wakubwa wa bara la Amerika, ambao ndio wengi huonekana kwenye video wakitembea juu ya mikono ya watu, wana manyoya ya tumboni wanayoyakwangua na kuyarusha, nayo huwasha ngozi na kuumiza macho. Wa Afrika hawana silaha hiyo, na kwa hiyo wanategemea chonge. Hakuna kifo cha binadamu kinachojulikana kwa hakika kuwa kilitokana na sumu ya jamii hii, lakini mtu asikudanganye kwamba ni kama kung'atwa na nyuki. Aliyeng'atwa na Pterinochilus hupata maumivu makali na uvimbe, na misuli inaweza kukaza ikaachia ikakaza tena kwa siku kadhaa. Osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitu cha baridi, meza dawa ya maumivu ya kawaida, na ukiona kifua kikibana au uso ukivimba, nenda hospitali mara moja. Usichanje, usifunge kamba, wala usibandike jiwe la nyoka.

Asishikwe kwa mkono na yeyote, wewe mwalimu ukiwa wa kwanza. Siku ya kumhamisha, keti sakafuni na mlango umefungwa, weka ndoo ndani ya beseni kubwa, mfunike kwa bakuli linaloonyesha ndani, pitisha kadi ngumu chini yake, na umsukume kwa brashi ndefu ya rangi. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge, ameshakuonya, ngoja atulie. Sanduku liwe na kitasa, na ufunguo ukae kwako.

Binti wa Nachingwea

Mwalimu, kabla hujaingia gharama, umehakikisha kwamba si dume? Dume aliyekomaa hutambulika kwa vile viungo viwili vifupi vya mbele, karibu na mdomo, ambavyo ncha zake huvimba kama mtu aliyevaa glavu za ndondi. Akishafikia hapo hachimbi tena wala hana maisha marefu. Huzunguka akitafuta jike, na ndiye huyo watu wanayemkuta ukumbini msimu wa mvua. Kumfungia dume wa namna hiyo ni kumpotezea miezi yake ya mwisho. Wako alikuwa ndani ya tundu refu, kwa hiyo nadhani ni jike au bado mchanga, lakini mwangalie.

La pili ninalisema kwa aibu. Mwaka wa kwanza nilipofuga, nilimkuta wangu asubuhi amelala chali, miguu juu, hatikisiki. Nikaamini amekufa, nikamzika nyuma ya nyumba chini ya mpapai. Jioni nikasoma kwamba buibui anayejivua gamba hulala chali hivyohivyo, kwa saa nyingi. Nilipokwenda kumfukua alikuwa ameshatoka nusu katika gamba lake, na udongo ulikuwa umembana. Hakupona. Buibui aliyekufa au aliyeishiwa maji kwa kawaida hakai chali: anabaki wima na miguu yake inajikunja chini ya mwili kama ngumi iliyofungwa, kwa sababu miguu hunyooka kwa msukumo wa majimaji ya mwilini, na majimaji yakipungua haina cha kuinyoosha. Ukimwona hivyo, mweke mdomo wake kwenye ukingo wa kisahani cha maji bila kumzamisha, na huenda akainuka. Ukimwona chali, ondoka.

Na usisahau siafu na sisimizi. Huku kwetu waliingia sandukuni usiku mmoja tu. Simamisha meza kwenye makopo manne ya maji yenye tone la mafuta ya kula.

Mzee wa Mikindani

Ninyi vijana mmefundisha vizuri, lakini niruhusuni neno la tahadhari juu ya makumbi. Kumbi lililofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, limekunywa chumvi ya bahari miezi mingi, na hata ukiliosha mara mbili bado linayo. Mwenye kutaka unga wa makumbi achukue kumbi kavu kutoka shambani, alitwange, aliloweke siku tatu akibadilisha maji kila siku.

Jambo jingine ni idhini. Tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu anayemchukua kiumbe wa porini, hata kama alimwokoa na koleo, ni vyema afike kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya aeleze na kuuliza, hasa anapokusudia kumweka shuleni mbele ya watu. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, kwa hiyo akitokea mtu wa mtandaoni akakuambia umtumie picha na bei, mnyamazie.

Mwisho, mwalimu, umefikiria uhamisho? Jike wa buibui hawa huishi zaidi ya miaka kumi, na wale wa Pelinobius hupita ishirini. Wewe utapelekwa Kigoma siku moja na mkeo hatamtaka. Mimi ningemrudisha. Nenda jioni umbali wa hatua mia kutoka lilipo shimo la choo, penye udongo uleule usiolimwa, chomeka mpini kwa mshazari, mweke mdomoni mwa tundu, na umwache.

Mwalimu wa Uwandani (Newala)

Nawashukuru sana nyote, na Mzee, shikamoo. Nilifika ofisi ya wanyamapori siku ya Jumatatu, nikaeleza jinsi alivyopatikana, na nikaacha maelezo yangu kwa maandishi. Nimekubaliana na mke wangu kwamba nitamfuga hadi mwisho wa muhula huu, kisha nitamrudisha kwa namna uliyoeleza, kabla mvua hazijaanza. Glavu za ndondi hana. Miguu ya nyuma ni minene na imepinda, nayo sikuona manyoya mengi kama soksi.

Fundi alikata vioo upya bila kinyongo. Udongo niliukaanga wanafunzi wawili wakisaidia, na majirani walipita wakiuliza kama mwalimu sasa anapika udongo. Alihamishwa Ijumaa usiku, na kabla ya saa sita alikuwa ameingia katika tundu la mpini. Kwa siku tatu alitoa vidonge vya udongo vya ukubwa wa njegere na kuvipanga mlangoni. Nyenje niliyemtilia nilimkuta asubuhi akiimba, nikamtoa.

Leo ni siku ya 19 tangu mdomo wa tundu uzibwe kabisa kwa udongo na utando. Upande wa kioo nao ameukandika, haonekani. Darasani wananiuliza kila kipindi kama yu hai, nami sina la kuwajibu, na nimeanza kushawishika kulifungua lile tundu kwa kijiko, kidogo tu, nichungulie. Je, nimchimbue?

Mfuga Wadudu (Lindi)

Usimchimbue, mwalimu. Aliyeziba mlango namna hiyo mara nyingi anajivua gamba au anajiandaa kujivua, na huo ndio wakati ambao hata nyenje mmoja aliyesahaulika ndani anaweza kumtafuna akiwa laini. Hakikisha hamna mdudu aliyebaki, endelea na maji ya mrija kwenye kona, na kisahani kisikauke. Wangu mkubwa aliwahi kuziba kwa siku 74.

Atakapofungua, huenda ukakuta gamba la zamani limetupwa nje; lichukue taratibu, lilainishe kwa maji ya uvuguvugu, ulitandaze juu ya karatasi, na wanafunzi wako watahesabu miguu, chonge na macho manane bila hofu yoyote. Chonge zake zenyewe zitakuwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Hesabu siku kumi tangu afungue mlango, ndipo umpe nyenje mdogo.